Roosevelt: Kutoka milima ya elki hadi Rhino Camp

Wafanyabiashara wanaopitisha bidhaa Arua kuelekea Ariwara na Yei, na ndugu zetu waliopata kuishi makambini kabla ya kurejea makwao, wanalijua vyema jina la Rhino Camp. Ni mji mdogo kando ya Nile, upande wa magharibi wa mto, kaskazini mwa Uganda, na kwa miaka mingi jina hilo limekuwa pia la makazi makubwa ya wakimbizi. Wengi hulitamka bila kujiuliza kifaru mwenyewe alikwenda wapi. Jina hilo huhusishwa na kambi aliyopiga mtu mmoja mwezi Januari 1910, mtu aliyekuwa ameondoka Ikulu ya Marekani miezi kumi tu kabla yake. Huyo ni Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa nchi hiyo.

Nimesoma mengi juu ya bwana huyu, na kila ninaposoma huwa navutiwa zaidi na namna alivyojiandaa kabla ya safari kuliko vita vyake na hotuba zake. Msomaji anayejua maana ya kupima mzigo, kuhesabu siku za njiani na kubashiri kitakachokosekana mbele ya safari, atanielewa. Na kwa Roosevelt ufundi huo haukuanzia Mombasa. Ulianzia katika milima ya Wyoming, robo karne kabla, alipokwenda kumtafuta mnyama aitwaye elki.

Alizaliwa jijini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika familia tajiri. Mali haikumsaidia kupumua. Alikuwa na pumu kali tangu utotoni, na usiku mwingine baba yake alimbeba huku na huku ndani ya nyumba ili apate hewa. Baba huyo ndiye aliyemwambia kwamba akili anayo ila mwili itabidi aujenge mwenyewe, akamtengenezea chumba cha mazoezi nyumbani. Mtoto alipopewa bunduki yake ya kwanza akiwa na miaka kama 13, alishangaa kuona wenzake wakilenga vitu ambavyo yeye havioni kabisa. Kumbe macho yalikuwa mabovu. Akanunuliwa miwani, na tangu siku hiyo hadi anaingia kaburini miwani ikawa ndiyo kitu cha kwanza katika orodha ya mizigo yake. Mkae na jambo hilo la miwani, nitalirudia.

Alisoma chuo cha Harvard, akamwoa Alice Lee mwaka 1880, akaingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo la New York akiwa kijana wa miaka 23. Septemba 1883 alipanda treni hadi Dakota, nchi ya mabonde makavu na vilima vilivyoliwa na mvua, kumwinda nyati wa Marekani kabla hajatoweka. Mvua ilimnyeshea siku nyingi na mwongozaji wake alitaka warudi, lakini alimpata nyati. Kisha akafanya jambo ambalo wafanyabiashara watalitikisia kichwa: kwa muda wa wiki mbili tu za kuijua nchi ile, aliweka dola 14,000 katika biashara ya ng'ombe.

Tarehe 12 Februari 1884 mkewe alijifungua mtoto wa kike. Siku mbili baadaye, katika nyumba ileile, mama yake Roosevelt alifariki kwa homa ya matumbo, na saa chache baadaye mkewe naye akafariki kwa ugonjwa wa figo. Katika shajara yake ya siku hiyo alichora alama kubwa ya mkasi na kuandika sentensi moja ya huzuni. Mtoto alimwachia dada yake, akamaliza kazi zake za siasa, kisha akaelekea tena Dakota. Alikuwa na miaka 25. Wapo wanaomlaumu kwa kumwacha mtoto mchanga, na mimi sioni sababu ya kumtetea katika hilo. Yeye mwenyewe karibu hakulitaja tena jina la marehemu mkewe maisha yake yote.

Huko Dakota alichagua mahali pa ranchi yake ya pili, kando ya mto Little Missouri, mbali na majirani. Alipofika hapo alikuta mafuvu mawili ya elki dume, pembe zimenasana. Walikuwa wamepigana hadi wakashindwa kuachana, wakafa kwa njaa au uchovu hapohapo. Akaiita ranchi hiyo Elkhorn, yaani pembe ya elki.

Inafaa nimweleze mnyama huyu, maana hapa kwetu hayupo. Elki ni wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, mkubwa kuliko tandala wetu. Dume aliyekomaa katika milima ya Rocky hufikia kilo 300 na zaidi. Pembe zake si kama za swala. Zina matawi kama mti, na kila mwaka huzidondosha na kuota nyingine mpya. Huko Ulaya neno hilohilo hutumika kwa mnyama mwingine kabisa, mwenye pua nene na pembe pana kama koleo, kwa hiyo msomaji asichanganye. Zamani elki walijaa hata nyanda za chini, lakini wakati Roosevelt anafika Dakota walikuwa wameshauawa karibu wote kwa ajili ya nyama, ngozi na hata meno. Waliosalia walikimbilia juu milimani. Aliyemtaka ilibidi apande.

Ndipo Agosti 1884 akafunga safari ya kwenda milima ya Bighorn, katika eneo la Wyoming, mamia ya kilomita kutoka ranchini. Hakuchukua mwongozaji wa kazi hiyo. Alikwenda na William Merrifield, msimamizi wa ranchi yake, na mzee mmoja aitwaye Norman Lebo, aliyeendesha gari la farasi na kupika, mtu aliyejua kutengeneza karibu kila kitu kinachovunjika. Ukichunguza jinsi walivyojipanga, utaona kwamba ugumu wa safari ile haukuwa katika kufyatua bunduki.

Kwanza ni majira. Elki dume hupandana Septemba, na wakati huo hulia usiku na alfajiri kwa sauti inayoanzia chini, ikapanda kama filimbi, kisha ikamalizika kwa mkoromo. Mwezi huo ndio rahisi kumsikia alipo. Lakini huo ndio mwezi ambao mlimani theluji huweza kuanguka leo na jua kali likawaka kesho. Kwa hiyo mtu lazima abebe nguo za hali mbili: za sufi, ambazo hata zikilowa hutunza joto, na turubai la kujikinga. Roosevelt alichukua nguo nzito za majira ya baridi ijapokuwa aliondoka ranchini katika joto la Agosti. Njiani dhoruba za mvua ziliwapiga kweli, na mablanketi yakathibitisha thamani yake.

Pili ni mzigo. Gari la farasi lilipakiwa unga, nyama ya nguruwe ya chumvi, kahawa, sukari, vyombo na risasi. Hapo uwandani hakuna shida. Lakini gari haliwezi kupanda katika msitu wa misonobari wenye magogo yaliyolaliana. Walipofika chini ya milima waliliacha, wakahamishia mizigo juu ya migongo ya farasi. Hapa ndipo wengi hushindwa hadi leo. Farasi mmoja akifungwa mzigo usiolingana pande mbili, tandiko huzunguka, huchubuka mgongo, au huanza kuruka mpaka sufuria zote zitawanyike porini. Roosevelt aliandika kwa ucheshi juu ya usumbufu wa farasi wale, lakini ukisoma unaona hasira yake bado haijapoa. Waliopitisha marobota juu ya baiskeli katika njia za panya watamhurumia.

Tatu ni miguu na pua. Elki ana pua kali mno. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake umekwisha, hata kama uko mbali. Na milimani upepo una tabia yake. Asubuhi, jua likipasha bonde joto, hewa hupanda; jioni hushuka. Mwindaji asiyelijua hilo atazunguka siku kumi akiona nyayo na mavi tu. Roosevelt alivaa makubazi ya ngozi laini badala ya buti, ili asivunje vijiti chini ya misonobari. Makubazi hayo yanaumiza nyayo katika mawe, na huingiza maji, lakini hayana kelele.

Nne ni hesabu ambayo wawindaji wachanga huisahau kabisa, nayo ni hesabu ya nyama. Mnyama wa kilo 300 akianguka, kazi ndiyo inaanza. Ngozi yake ni nene na huhifadhi joto la mwili, kwa hiyo usipomchuna upesi na kutundika vipande kivulini penye upepo, nyama huchacha kuanzia kwenye mifupa, hata kama usiku ni baridi. Nyama tupu bila mifupa huzidi kilo 90. Mtu mmoja akibeba kilo 25 au 30 katika mteremko mkali, hiyo ni safari nne, kwenda na kurudi, tena kama hakumpiga ng'ambo ya korongo. Kwa sababu hiyo mwindaji mwenye busara hujiuliza namna atakavyoitoa nyama kabla ya kuinua bunduki. Akimwona dume mzuri mahali ambapo hawezi kumtoa, humwacha.

Kwa kifupi hata leo watu huenda milima ileile wakiwa peke yao na mahitaji ni yaleyale, isipokuwa ramani imeingia ndani ya simu na leseni hupatikana kwa bahati nasibu miezi mingi kabla. Kuna jambo moja limebadilika ambalo lingemkasirisha sana Roosevelt. Sheria ya Wyoming inamtaka mgeni wa jimbo anayewinda wanyama wakubwa katika mapori yaliyotengwa na serikali kuu awe na mwongozaji mwenye leseni, au mkazi wa jimbo mwenye kibali. Sehemu ya juu ya Bighorn, kuzunguka kilele cha Cloud Peak chenye mita 4,013, ilitengwa hivyo mwaka 1984, miaka 100 kamili baada ya safari yake. Yeye, mtu wa New York, leo angesimamishwa.

Elki aliwapata, tena madume wazuri. Katikati ya Septemba alimpata pia dubu mkubwa, aliyempiga risasi katikati ya macho akiwa hatua chache tu mbele yake. Katika safari hiyo ya wiki kama saba, ukijumlisha na ndege, aliua viumbe zaidi ya 100. Wao walikuwa watu watatu. Ninapofika hapa huwa naweka kitabu chini kidogo. Kujiandaa vizuri alijiandaa, na nyama walikula, lakini watu watatu hawamalizi kiasi hicho. Nadhani alikuwa anakimbia kitu, na bunduki ilikuwa njia ya kukikimbia. Aliporudi Oktoba mwili ulikuwa umeimarika na usingizi umerudi.

Muda si mrefu baadaye alimpiga elki mmoja karibu na ranchi yake, na akaandika kwamba huenda ndiye wa mwisho atakayeonekana katika maeneo yale. Kwa mtu aliyeita nyumba yake Elkhorn, hilo lilikuwa neno zito. Kisha majira ya baridi ya 1886 hadi 1887 yakaja na theluji isiyo na mfano. Ng'ombe walikufa wakisimama. Roosevelt alipoteza zaidi ya nusu ya mifugo yake, na sehemu kubwa ya urithi wake ikaenda nayo. Desemba 1887, pamoja na mwandishi George Bird Grinnell, alianzisha klabu ya wawindaji iitwayo Boone and Crockett, ambayo kazi yake ilikuwa kuibana serikali itunge sheria za kulinda misitu na wanyama. Si watakatifu walioanzisha klabu hiyo. Ni watu walioona ghala linakwisha.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita mbio. Alimwoa Edith Carow mwaka 1886, akapigana Cuba mwaka 1898, akawa gavana wa New York, kisha makamu wa rais, na McKinley alipouawa Septemba 1901 akaapishwa kuwa rais akiwa na miaka 42, mdogo kuliko wote walioshika kiti hicho. Katika miaka saba na nusu alitenga ardhi ya umma karibu hekta milioni 93 kwa misitu, hifadhi na makumbusho ya taifa. Tarehe 2 Machi 1909, ikiwa zimebaki siku mbili atoke madarakani, alitia saini amri ya kuulinda mlima Olympus katika jimbo la Washington, hasa kwa ajili ya elki waliobaki huko. Aina hiyo ya elki ilikuwa imepewa jina lake na mtaalamu mmoja wa wanyama tangu 1897.

Wakati huohuo, akiwa bado ofisini, alikuwa anapanga mizigo. Mwaka mzima wa mwisho wa urais wake aliandikiana barua na wajuzi wa Afrika: Frederick Selous, Edward North Buxton, na yule Patterson aliyewaua simba wala watu wa Tsavo. Aliuliza juu ya hema, buti, bunduki, dawa, idadi ya watu. Makumbusho ya Smithsonian yalikubali kutuma wataalamu watatu, na jarida moja likaahidi kumlipa dola 50,000 kwa makala zake. Hivyo safari ikajilipia kwa sehemu, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote atalisifu.

Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Walipanda reli ya Uganda hadi Kapiti, sehemu ya njia akiwa ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni, akitazama twiga na punda milia. Kapiti walikuta wapagazi zaidi ya 200 wamejipanga. Hapo ndipo ule ujuzi wa farasi wa Bighorn ulipogeuka kuwa ujuzi wa vichwa vya watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27. Kila kitu kilipimwa kwa kipimo hicho. Vitabu vyake, ambavyo vilikuwa karibu 60, vilifungwa kwa ngozi ya nguruwe ili jasho, damu na vumbi visiviharibu, vikawekwa katika sanduku jepesi la alumini ambalo lote lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Chumvi ya kuhifadhia ngozi ilikuwa tani nne. Gawanya mwenyewe uone ni vichwa vingapi vilibeba chumvi tu. Na miwani alichukua jozi tisa.

Wazungu wawili waliosimamia msafara, Cuninghame na Tarlton, wameandikwa sana. Mimi napenda kuwataja Muhamed na Bakari waliombebea bunduki, na Ali na Bill waliotunza hema lake. Roosevelt aliandika majina yao, jambo ambalo wasafiri wengi wa enzi hiyo hawakujali kulifanya. Wapagazi walikula posho, waliimba jioni wakiingia kambini, na kama kawaida ya watu wetu walimpa kila mtu jina. Yeye alikuwa Bwana Mkubwa. Kermit, kwa mavazi yake, wakamwita Bwana Maridadi.

Hata hivyo asisifiwe kupita kiasi. Bwana Mkubwa huyu aliamini kwa dhati kwamba nyanda za juu za Kenya zinafaa kuwa nchi ya walowezi wa Kizungu, akayaandika hayo wazi, na wasomaji wake huko Ulaya na Marekani walikuwa wengi. Aliwasifu Wanandi aliowaona wakimzunguka simba na kumuua kwa mikuki, akavutiwa na ushujaa wao, lakini hakuona tatizo lolote katika kunyang'anywa kwao ardhi. Ardhi iliyotengwa kwa wanyama huko kwake, nayo, mara nyingi ilikuwa ya watu waliokwisha kufukuzwa.

Desemba 1909 walivuka ziwa Victoria hadi Entebbe na Kampala, ambako Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto. Wakatembea kwa miguu hadi Hoima na Butiaba, ziwa Albert, wakashuka na Nile kwa mashua. Lengo lilikuwa ng'ambo ya magharibi, eneo la Lado, maana kwa Roosevelt kifaru mweupe ndiye aliyekuwa amekosekana katika orodha.

Lado lilikuwa nchi ya ajabu kisheria. Lilikuwa limekodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa muda wa maisha yake tu, naye alikufa tarehe 17 Desemba 1909, wakati msafara uko njiani. Roosevelt alipowinda hapo Januari 1910 bado maofisa wa Ubelgiji walikuwepo. Katikati ya mwaka huo eneo likapewa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, ndiyo West Nile ya leo. Miaka minne, tawala tatu. Mtu angeweza kulala Congo, akaamka Sudan, akazeekea Uganda, bila kuhamisha jiko lake. Ndugu zetu wa mpakani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hapo Roosevelt na mwanawe waliua vifaru weupe tisa, yeye watano na Kermit wanne. Alijua kwamba wanyama hao ni wachache, na kwamba aina yao ya kusini mwa Afrika ilikuwa imebaki kidogo sana. Hoja yake ilikuwa kwamba makumbusho lazima yawe na mifano kamili, dume, jike na ndama, kabla wawindaji wa pembe hawajawamaliza. Kwa safari nzima yeye na Kermit waliua wanyama wakubwa 512 kwa bunduki zao, na vielelezo vyote, panya na ndege na samaki ndani yake, vilipita 11,000.

Hoja hiyo nimeipima mara nyingi. Vifaru tisa sio waliomaliza kizazi kizima. Waliomaliza ni wenye bunduki za vita na soko la pembe, miaka ya 1970 na baada yake, katika Uganda, Sudan na Congo. Lakini mwaka 1884 Roosevelt alikuwa amemtazama elki wa mwisho wa bonde lake na kuelewa kilichotokea. Miaka 25 baadaye, akiwa na elimu yote hiyo, alifyatua tena. Dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya mwezi Machi 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta, wakabaki majike wawili, binti yake na mjukuu wake. Elki kwa upande wao wamefikia karibu milioni moja Amerika ya Kaskazini, baada ya kukadiriwa kushuka chini ya 100,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti ni kwamba kule alitumia kalamu ya rais kuwalinda, na hapa alikuwa mgeni aliyepita.

Kutoka Nimule, ambapo leo malori hupanga foleni kuingia Sudan Kusini, msafara ulitembea siku kumi kukwepa maporomoko ya mto hadi Gondokoro, kisha meli hadi Khartoum, walikofika tarehe 14 Machi 1910. Mkewe alikuwa anamsubiri hapo.

Miwani ilimwokoa Oktoba 1912, akigombea tena urais. Mjini Milwaukee mtu alimpiga risasi kifuani. Risasi ilipita kwenye karatasi za hotuba zilizokunjwa na kwenye kasha la chuma la miwani, ikaishiwa nguvu. Alihutubia kwanza, akaenda hospitali baadaye.

Safari yake ya mwisho ndiyo pekee ambayo hakuipanga mwenyewe. Mwaka 1913 alikwenda Brazil, akawaachia wengine ununuzi wa vifaa na chakula, kisha njiani akakubali kubadili mpango na kushuka mto usiojulikana katika msitu wa Amazon. Masanduku yalipofunguliwa walikuta haradali na zeituni mahali palipohitaji chakula cha kushibisha, na mashua walizoleta zilikuwa zimeachwa nyuma kwa uzito. Wakatumia mitumbwi mizito ya magogo katika maporomoko. Watu watatu walikufa. Yeye mwenyewe aliumia mguu, akashikwa na homa, akawaambia wenzake wamwache; Kermit alikataa. Alitoka huko Aprili 1914 amepungua karibu robo ya uzito wake, na hakupona kabisa.

Mtoto wake mdogo, Quentin, aliuawa angani Ufaransa Julai 1918. Roosevelt mwenyewe alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 6 Januari 1919, nyumbani kwake Sagamore Hill, akiwa na miaka 60, akazikwa siku mbili baadaye juu ya kilima huko Oyster Bay. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho ya taifa, na katika chumba chake kikubwa vichwa vya elki bado vimetundikwa ukutani.